Kisiwa Kilichozaliwa Siku ya Mvua

Kila mwandishi wa riwaya akitembelea shule, huulizwa swali lilelile: "Haya mambo unayatoa wapi?" Na wengi hujibu kwa kuzungukazunguka, si kwa sababu wanaficha siri, bali kwa sababu jibu la kweli ni dogo mno, wanaona haya kulitaja. Leo, wanangu, nitawajibu kwa niaba yao. Lakini mimi ni msimulizi, nadharia hazinikai kichwani, kwa hiyo nitawajibu kwa kisa. Twendeni Braemar, kijiji cha milimani huko Uskoti, mwezi wa Agosti mwaka 1881. Mvua inanyesha. Imenyesha jana, imenyesha juzi, na kesho itanyesha tena.

Ndani ya nyumba ya kupanga yuko mtoto wa miaka 13 aitwaye Lloyd Osbourne. Shule imefungwa, kutoka nje hawezi, vitabu alivyonavyo amevimaliza. Amebaki na karatasi, wino na rangi za maji. Yuko pia baba yake wa kambo, Robert Louis Stevenson, mtu mwembamba mwenye kifua kibovu tangu utotoni, ambaye daktari akisikia mvua kama ile angemwambia asitoe hata pua dirishani.

Stevenson huyu alizaliwa Edinburgh mwaka 1850 katika ukoo wa wahandisi wa minara ya taa. Babu alijenga minara, baba alijenga minara, na yeye akatarajiwa ajenge minara. Akaanza kuisomea kazi hiyo, akaiacha. Wakamwambia basi asome sheria. Akasoma, akafaulu, na shahada akaitia sandukuni. Alichotaka ni kuandika. Na aliandika kweli, makala na vitabu vya safari, lakini riwaya ilikuwa imemshinda. Alikwisha kuanza kadhaa, na zote zikamfia mikononi kabla ya kufika mwisho. Hilo likumbukeni, maana tunapomsoma mtu aliyekwisha kuwa maarufu huwa tunadhani kalamu yake ilizaliwa inajua njia.

Basi siku moja, kwenye meza ya Lloyd, ikachorwa ramani ya kisiwa. Nani aliichora? Hapo pana ubishi. Stevenson alipokuja kueleza miaka ya baadaye, alisema aliichora yeye. Lloyd alipokuwa mtu mzima akasema hapana, niliichora mimi, naye akaja akainama begani kwangu, akaanza kuandika majina na kutia alama za msalaba kwa rangi nyekundu. Mimi namwamini mtoto. Watu wazima wana tabia ya kuinama juu ya michoro ya watoto, halafu wakasahau kalamu ilikuwa ya nani.

Vyovyote iwavyo, kisiwa kilikuwa pale mezani, kina ghuba, vilima na vijito. Stevenson akakikodolea macho. Kilima hiki mtu akikipanda ataona nini? Ghuba hii, je, meli inaweza kutia nanga bila kuonekana? Misalaba hii mitatu, ni nani aliyeiweka? Alizika nini? Alizika pamoja na nani, na hao wenzake wako wapi sasa? Alisimulia kwamba kadiri alivyoitazama ramani, ndivyo watu wa kitabu chake walivyoanza kumtokea katikati ya miti ya kuchora, nyuso zao zimeungua jua na silaha zinang'aa, wanapigana na kusaka hazina katika eneo la inchi chache za karatasi. Hakungoja. Akachukua karatasi nyingine akaanza kuorodhesha sura.

Kitabu hicho mnakifahamu. Kwa Kiingereza ni Treasure Island, na kwa Kiswahili kilitafsiriwa zamani, enzi za ukoloni, kikaitwa Kisiwa chenye Hazina. Huenda babu zenu walikisoma shuleni.

Wengi wakifika hapa husema, "Kumbe! Chora ramani, utapata riwaya." Wakachora, na riwaya haikuja. Ndiyo maana siishii kwenye ramani.

Ramani inakupa mahali tu. Kisiwa hakitaki kitu na hakiogopi kitu. Ili pawe na hadithi lazima atokee mtu mwenye haja, tena haja iliyomkaba koo. Na mtu wa Stevenson hakutoka kwenye ramani. Alitoka hospitalini.

Miaka 6 nyuma, mwaka 1875, Stevenson alipelekwa kwenye hospitali moja ya Edinburgh kumjulia hali mgonjwa ambaye hakuwa akimfahamu, kijana mshairi aitwaye William Ernest Henley. Henley alikuwa na kifua kikuu cha mifupa. Mguu mmoja alikwisha kukatwa chini ya goti, na wa pili ulikuwa hatarini. Akaenda Edinburgh kwa daktari Joseph Lister, naye akauokoa. Mngetarajia kumkuta mtu aliyekata tamaa. Alikuwa pande la mtu, mwenye ndevu nyekundu, anayecheka mpaka wodi inatikisika, anayebishana, anayeandika mashairi kitandani. Alipotoka akawa anatembea kwa gongo, na urafiki wao ukashika mizizi.

Sasa kule Braemar Stevenson alihitaji haramia. Angeweza kuchukua haramia wa kawaida, mwenye makengeza na sauti ya kukwaruza, ambaye msomaji anamjua tangu mlangoni kuwa ni mbaya. Badala yake akamchukua rafiki yake Henley akamfanyia jambo la ajabu. Akamvua utu wema wake wote, uungwana wake wote, usomi wake wote. Akamwachia nguvu, ujasiri, wepesi wa akili na ule uchangamfu unaomfanya kila mtu ampende. Akamvika nguo za baharia, akamtia gongo kwapani na kasuku begani. Huyo ndiye Long John Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja, anayekukaribisha jikoni kwa maneno matamu na kukuua kabla chakula hakijapoa. Mtoto Jim Hawkins anampenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, na sisi wasomaji vilevile. Mwaka 1883 Stevenson alimwandikia Henley akakiri waziwazi kwamba Silver alitokana na yeye.

Nina hakika kwamba kitabu kilizaliwa pale ramani ilipokutana na Henley. Ramani peke yake ingebaki mchoro wa likizo, ingetupwa na ufagio wa Jumatatu. Henley peke yake angebaki rafiki wa kuandikiana barua. Wazo moja halizai. Linataka mwenzake, tena mwenzake wa mbali, asiyefanana nalo. Kijana akiniletea wazo na kuniambia "nina hadithi juu ya mafuriko," namwuliza: na nini kingine? Mafuriko na nani? Huyo mtu alikuwa akitaka nini siku ile kabla mvua haijanyesha?

Turudi Braemar, maana nyumba nzima sasa imeingia kazini. Stevenson aliandika sura moja kila siku, akawasomea jamaa zake. Lloyd alitoa amri kwamba wanawake wasiwemo, naye akamtii. Ukimtoa mama yake Jim, wanawake ni haba mno kitabuni. (Kwa maoni yangu amri ile ilikuwa mbaya. Lakini aliyeitoa alikuwa na miaka 13, na ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza.) Baba mzazi wa Stevenson, mzee Thomas, mhandisi yule wa minara aliyekasirika mwanawe alipoacha kazi ya ukoo, alikuwepo pia. Siku ilipofika ya kulifungua sanduku la baharia Billy Bones, mzee alikaa sehemu kubwa ya siku akiandika nyuma ya bahasha orodha ya vitu vitakavyokutwa ndani, na orodha hiyo ikafuatwa. Jina la meli ya zamani ya haramia Kapteni Flint, Walrus, nalo liliingia kwa ombi lake. Msimulizi anayesoma kazi yake kwa sauti mbele ya watu hupata vitu ambavyo asingevipata akijifungia chumbani.

Na je, aliiba? Aliiba, naye akakiri. Kasuku alitoka kwa Robinson Crusoe. Mifupa ya maiti inayoelekeza njia ilitoka kwa Edgar Allan Poe. Sanduku la Billy Bones na mengi ya sura za mwanzo, aligundua baadaye, yalitoka kwa Mmarekani Washington Irving, ambaye alikuwa amemsoma zamani akadhani amemsahau. Waandishi wote hufanya hivi. Hapa kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mhariri wa gazeti la Mkulima, alisoma habari za mpelelezi Sherlock Holmes akamzaa Bwana Msa, mvuta kiko, na mwenzake Najum. Riwaya yao ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960. Holmes mwenyewe Arthur Conan Doyle alimtoa kwa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa na kumtajia kazi anayofanya kabla hajafungua mdomo. Soma sana, na usiogope kwamba uliyoyasoma yataonekana. Bwana Msa amevuta kiko cha Holmes, lakini mitaa anayopita na majungu anayoyasikia ni ya Unguja. Hakuna Mwingereza ambaye angeyaandika.

Siku 15 zilipita, sura 15 zikaandikwa. Kisha, mwanzoni mwa sura ya 16, kalamu ikakauka. Stevenson alisema kwamba hakuwa na neno hata moja lililobaki kifuani. Na balaa lilikuwa kubwa, kwa sababu mgeni mmoja aliyepita Braemar, Daktari Alexander Japp, alikuwa amezichukua sura za mwanzo akampelekea mhariri wa gazeti la vijana la London liitwalo Young Folks, na gazeti limekubali. Sura zilianza kuchapwa tarehe 1 Oktoba 1881. Wasomaji wanaendelea kusoma, na mwandishi mwenyewe hajui mwisho!

Alifanya nini? Hakufanya miujiza. Akakusanya nguo zake, akaondoka kwenda Davos, Uswisi, ambako wagonjwa wa kifua walikwenda kutafuta hewa kavu, na kule asubuhi moja akakaa mezani, maneno yakarudi, sura moja kwa siku kama mwanzo. Lakini nitawaonyesha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Fungueni kitabu kwenye sura ya 16. Hadithi nzima mpaka hapo imesimuliwa na Jim. Ghafla, kuanzia sura ya 16 hadi ya 18, msimulizi anabadilika, anakuwa Daktari Livesey, msafiri mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu Jim ametorokea kisiwani, na yanayotokea melini hawezi kuyajua. Yaani palepale kalamu ilipokwama ndipo palipokuwa na tatizo la kweli: anayesimulia hayupo mahali penye tukio. Mimi nashuku kwamba uchovu haukuwa wa mwili tu. Mara nyingi hadithi ikigoma, haigomi bure. Kuna kitu umekipanga vibaya huko nyuma na mkono umekijua kabla ya kichwa.

Gazetini hadithi haikuvuma. Mwandishi alijificha nyuma ya jina la kubuni, Kapteni George North, na yeye alikuwa ameiita Mpishi wa Meli. Jina tunalolijua lilitokana na mhariri. Mwaka 1883 kampuni ya Cassell ikanunua haki ya kuichapa kitabu kwa pauni 100, na hapo ndipo ilipolipuka. Ila kabla ya kuchapwa, Stevenson alipeleka ramani pamoja na muswada, na ramani haikufika. Ilipotea. Hebu fikirini. Mara ya kwanza ilikuwa mchezo: unachora ghuba popote, halafu hadithi inafuata ghuba. Sasa ilimbidi asome kitabu kizima, akusanye kila mahali palipotajwa kilima, kijito au umbali, kisha achore ramani inayokubaliana na yote. Ilichorwa ofisini kwa baba yake, kwa vifaa vya kihandisi, na mzee Thomas akaighushi sahihi ya Kapteni Flint. Nzuri kweli. Lakini Stevenson alisema ile kwake haikuwa Kisiwa chenye Hazina kamwe.

Alitoa pia ushauri wa kikazi, na huu uwekeni akilini. Mwandishi aijue nchi ya hadithi yake kama anavyoijua mitaa ya kwao: umbali, pande za dunia, jua linachomoza wapi, mwezi uko katika hali gani usiku ule. Hata almanaki aliitumia, ili mwezi usimfedheheshe kwa kuchomoza mara mbili. Msiuone huu kuwa ushauri wa wazee wa Uskoti tu. Ukiandika kisa cha Lamu ukaleta jahazi kutoka Maskati mwezi wa Julai, linakata maji huku upepo unalisukuma kutoka nyuma, kuna mzee mmoja barazani ataufunga mkono wako wa kuandika. Majahazi ya Uarabuni huja kwa kaskazi, kuanzia Desemba, na kurudi kwa kusi. Na kosa hilo dogo litamfanya asikuamini hata unaposema kwamba nahodha alilia.

Wazo lililokomaa lina desturi ya kuzaa kwa jirani. Miaka michache baada ya kitabu kile, Mwingereza mmoja, H. Rider Haggard, aliyekuwa amefanya kazi Afrika Kusini tangu akiwa na miaka 19, alikuwa safarini na ndugu yake wakibishana juu ya Stevenson. Haggard akasema hakuona cha ajabu. Ndugu yake akamjibu, basi andika wewe kitu kinachofikia hata nusu yake. Wakawekeana dau. Mwaka 1885 kikatoka kitabu ambacho sisi tunakijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ndani yake, kama mlivyokwisha kukisia, mna ramani. Ndugu yake mwingine, Jack, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza huko Lamu, na kitabu cha mwendelezo, Allan Quatermain, kinaanzisha safari yake palepale Lamu. Haggard anawatazama Waafrika kwa jicho la mkoloni, na anayemsoma leo amsome akilijua hilo. Lakini ubishi wa ndugu wawili ulimkalisha mezani, na ubishi nao ni chanzo halali.

Sasa mnaweza kusema, msimulizi, hayo ya maharamia ni ya Wazungu na mchezo wao. Sisi je? Na je, hadithi ya maumivu inaanza vivyo hivyo?

Njooni Zanzibar, mwaka 1984. Abdulrazak Gurnah alizaliwa kisiwani humo mwaka 1948 na kukimbilia Uingereza akiwa kijana wa miaka 18, katika miaka migumu baada ya mapinduzi. Kwa zaidi ya miaka 15 hakukanyaga nyumbani. Aliporudi kwa mara ya kwanza, siku moja alikuwa dirishani akamwona baba yake akivuka kwenda msikitini, hapo ng'ambo ya nyumba. Mzee alikuwa amezeeka. Basi. Hakuna meli wala dhahabu. Mwana anamtazama baba akitembea.

Lakini mwana huyu aliuliza swali. Huyu mzee alikuwa mtoto wakati wageni kutoka Ulaya walipokuwa ndiyo kwanza wanazishika nchi zetu. Mtoto aliona nini? Ilikuwaje kwa mtoto kutazama watu wasiojulikana wakiyachukua maisha ya wazazi wake na kuyapanga upya? Swali hilo halikuzaa kitabu mwaka ule, wala uliofuata. Gurnah alichapisha riwaya nyingine 3 kabla yake. Ilipotoka, mwaka 1994, ikaitwa Paradise, na ilikuwa imepita miaka 10 tangu siku ya dirisha.

Nayo pia ilihitaji wenzake. Ndani yake yumo mvulana wa miaka 12 aitwaye Yusuf, ambaye baba yake anamkabidhi kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni, na mvulana anadhani anakwenda kukaa na mjomba. Hilo jina halikuokotwa tu. Mnaijua hadithi ya Nabii Yusuf, kijana mzuri wa sura aliyepelekwa ugenini na kuishi katika nyumba ya tajiri. Riwaya inazungumza nayo kuanzia mwanzo. Tena kuna msafara wa biashara unaokwenda bara, na hapo wachambuzi wameonyesha kwamba Gurnah alikuwa akinong'onezana na maandishi ya kale ya Kiswahili: masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari yake ya bara, yaliyochapwa katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli uliotolewa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Hesabuni basi: baba anayevuka njia, nabii wa Qurani, na mfanyabiashara wa Pwani aliyesimulia alivyokwenda na kurudi. Kila kimoja kilikuwepo. Mamilioni ya watu wanakijua kisa cha Nabii Yusuf, na kila mtu amewahi kumwona baba yake akienda msikitini au kanisani. Aliyevikutanisha ni mmoja. Mwaka 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi.

Haya, tufanye mazoezi pamoja, maana kusikiliza tu hakumfundishi mtu kusuka ukili.

Chukueni cherehani. Ile ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na droo ndogo pembeni. Ilikuwa ya bibi, fundi wa mtaa. Bibi amefariki. Hicho ni kitu kimoja tu, kama ramani ya Lloyd, na bado hatuna hadithi. Tukiletee mwenzake: mjukuu wa kidato cha nne, amerudishwa nyumbani na mwalimu mkuu kwa kutolipa michango, na mitihani ni baada ya mwezi. Mjukuu anataka cherehani iuzwe. Mama yake hataki hata iguswe. Sasa kuna kamba inayovutwa huku na huku.

Kwa nini mama hataki? Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba kuna dhahabu imefichwa ndani. Litupeni. Si kwamba ni baya, ila limekuja haraka mno, na msomaji naye limemjia haraka hivyohivyo. La pili: cherehani ina mzimu, usiku inajikanyaga yenyewe. Mnaweza kulifuata, wenye kupenda mambo hayo, lakini mimi nitalitupa pia. La tatu: kwenye droo mna daftari. Bibi aliandika humo madeni ya watu aliowashonea wasimlipe, sare za shule, magauni ya harusi, vitambaa vya sanda. Mama analijua daftari, na hataki mtu mwingine alione, kwa sababu nusu ya mtaa imo. Mjukuu analifungua usiku, anasoma majina. Ukurasa mmoja una sare tatu za mtoto wa shule ya msingi, hazijalipwa tangu miaka thelathini iliyopita, na jina la mtoto ni la mwalimu mkuu yuleyule.

Mnaona? Sasa mjukuu ana jambo la kuamua. Atakwenda ofisini na daftari mkononi? Akienda, atakuwa anadai haki au anamwaibisha mtu ambaye bibi mwenyewe alichagua kutomdai? Mimi sijui, na ndiyo sababu hadithi inaandikika. Ningejua jibu tangu mwanzo ningeandika hotuba.

Kuhusu pa kuanzia, msianze na kuzaliwa kwa bibi. Anzeni siku mnunuzi anapofika mlangoni na guta lake, na mama amekwenda sokoni. Kuhusu anayesimulia, jaribuni mjukuu, kisha jaribuni mama, muone ni nani anayeficha jambo linalonoga zaidi. Na kuhusu daftari lenyewe, likitokea ukurasa wa mwisho bila kutajwa popote kabla, msomaji atahisi ametapeliwa. Droo ile ifungwe na kufunguliwa mara moja au mbili mapema, watu wakitafuta sindano.

Mtauliza kama mtu anaweza kukaa kungoja msukumo umjie. Mkumbukeni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya. Aliwekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba 1977, akafungiwa gereza la Kamiti, na huko, mwaka 1978, akaandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikikuyu, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Aliiandika kwenye karatasi za chooni. Alitaka kuandika kwa lugha ya mama yake, na askari jela wenyewe, bila kujua, wakawa ndio watu wa kupimia maneno na methali. Sisemi kwamba gereza ni pazuri kwa waandishi. Hakuna mahali pabaya zaidi. Nasema tu kwamba mwenye simu iliyojaa chaji na daftari la shilingi mia chache asiniambie anasubiri mazingira.

Kwa hiyo nawaagiza jambo moja. Nendeni mkamwulize mkubwa mmoja nyumbani, bibi, babu, shangazi, yeyote: ni kitu gani humu ndani hakiruhusiwi kuuzwa, na kwa nini? Andikeni jibu lake kama alivyolisema. Kisha tafuteni mtu mmoja anayetaka kiuzwe, hata kama ni wa kubuni, mpeni jina na shida ya kweli, muwakutanishe wawili hao kwenye chumba kimoja. Ukurasa mmoja unatosha kwa kuanzia. Mkimaliza, msomeeni mtu kwa sauti, na akikatiza kuuliza "halafu?", msimjibu kwa mdomo. Rudini mezani mkaandike.